Betri Niliyoipiga Chapa Kama Ngamia

Alhamisi, Lodwar. Jua limeamka na hasira, upepo umebeba mchanga wa mto mzima, na mimi moyo wangu ni mwepesi kama kibuyu kitupu.

Iandikwe hapa, isomwe mpaka Nairobi: jana nimeshinda kesi. Mimi Lokwang, mtu wa darasa la nne (la tano lilinikataa, nami nikalikataa), nimesimama mbele ya kampuni ya magari, nimesema maneno matatu, wote wakanyamaza. Hakimu akagonga meza. Wakili wao akatokwa jasho mpaka tai ikalowa.

Uongo.

Hakuna hakimu. Hakuna tai. Kesi yenyewe bado haijafika mahakamani, na aliyetokwa jasho kule Kakuma ni mimi. Lakini wepesi wa moyo si uongo. Huo acha ukae.

Nianze mwanzo, maana mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu anasema wasomaji wangu hupotea katikati ya habari kama mbuzi wa jirani.

Mwaka juzi niliuza ngamia wanne nikanunua pikapu ndogo ya umeme. Kampuni moja ya Nairobi ilikuja kuziuza huku, ikasema jua la Turkana ni petroli ya bure. Nikaona hawa watu wana akili. Maisha yangu yote jua limenichoma bila kunilipa, sasa litanibebea maji na magunia. Mke wangu Akai aliitazama ile pikapu, akaizunguka mara moja, akauliza: "Ngamia akifa unakula nyama. Hii ikifa utakula nini?"

Nikamfungulia mlango apande, yeye akarudi jikoni. 

Tulionunua tuko kumi na mmoja, sita wa hapa Lodwar, watano wa Kakuma na Kalobeyei. Tuna kundi letu la simu. Betri zinatolewa chini ya kiti, zinachajiwa kwenye kituo cha sola, zinalala hapo zimepangana kama mbuzi kisimani. Zote nyeusi, zote sawa, hakuna yenye pembe.

Miezi miwili iliyopita, betri ya mtu mmoja kule Kakuma ilivimba kama tumbo la mbuzi aliyeingia kwenye gunia la maharagwe. Ikatoa moshi. Hakuna aliyeumia, ila kuku mmoja alikimbia na hajaonekana tena. Kampuni ikatuma ujumbe kwamba betri zote zirudishwe. Ati joto letu linalegeza mpira ulio chini ya kifuniko, vumbi linaingia ndani, na vumbi na umeme hawapatani. Akaja fundi wao, msichana anaitwa Chebet, na lori, akazizoa zote kumi na moja na kutuachia karatasi.

Tangu siku hiyo gari langu limesimama uani. Kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Akai akawa anaokota mayai kila asubuhi na kusema kwa sauti, ili jirani asikie, "Angalau sasa linazaa."

Halafu kampuni ikaleta masharti. Kila mmoja atapewa betri mpya bure, lakini aweke sahihi kwamba hatadai kitu kingine chochote. Na betri ya zamani ikikutwa imefunguliwa, imetobolewa, au imechomwa na mwenyewe, mtu huyo hapewi mpya.

Hapo ndipo kundi la simu lilipowaka kuliko betri.

Hirsi, mfanyabiashara wa Kakuma, Msomali mwenye hoteli na malori mawili, akasema twende mahakamani. Alikuwa amempata wakili Kitale. Alisema tumekaa miezi miwili bila kazi, nani atatulipa siku hizo? Ukisaini karatasi yao umewasamehe. Hapo Hirsi hakukosea, na bado hajakosea.

Mama Furaha akakataa. Huyu ni mama kutoka Kongo, anaishi Kalobeyei, anauza unga wa muhogo, na gari lake ndilo linalopeleka wajawazito kliniki bila kuulizwa nauli. Tangu gari lisimame anakodi pikipiki gunia kwa gunia, na duka limebaki na rafu tupu. Alituma ujumbe mmoja tu wa sauti: "Haki ni nzuri, ba papa. Lakini haki haibebake magunia."

Kundi likagawanyika katikati. Na mimi, mwenye kunisoma, nilikuwa mkali kuliko wote. Nilimpita hata Hirsi. Nilikuwa natuma ujumbe wa sauti alfajiri, kabla ya chai. Twendeni mahakamani! Haki haibadilishwi kwa betri! Nilimwambia Mama Furaha kwamba anatuuza kwa bei ya unga. Nilisema hivyo. Kwa sauti yangu hii.

Sikufanya hivyo kwa ajili ya haki.

Nilikuwa naficha kovu.

Hapa inabidi nieleze kitu kwa wale wa mbali. Kwetu sisi kila ukoo una chapa yake. Chuma kinatiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha ngamia anapigwa alama ubavuni. Ngamia huyo akipotea mpaka mpakani, akichanganyika na wa watu mia, mtu akitazama alama anajua ni wa nani na anajua pa kumrudisha. Chapa yetu sitaichora hapa, maana hata wezi wana simu. Chuma ninacho. Kilikuwa cha baba yangu.

Sasa, mwaka jana nilipeleka mzigo Kakuma. Betri iliyonifikisha ilikuwa na nguvu kama dume. Nikaichaji kule kituoni, nikarudi, na nusu ya njia gari likaanza kukohoa. Likanilaza kwenye lagga, mto wa mchanga usio na maji, mpaka lori likanivuta. Nikajiambia, Lokwang, umebadilishiwa. Kuna mtu pale kituoni amekupa betri mzee na kuchukua yako kijana.

Nifanye nini? Mtu mwenye akili angepiga simu kituoni. Mimi nilisema moyoni, basi hii niliyonayo haitabadilishwa tena. Nikawasha moto nyuma ya nyumba, nikakitia chuma cha baba, na kilipokuwa chekundu nikaipiga betri chapa ubavuni, vizuri kabisa, kama ngamia wa miaka mitatu. Ilikaa kimya kuliko ngamia, kwa hilo naisifu. Harufu ilifika mpaka barabarani. Akai aliuliza ndani ya nyumba ninachoma nini. Nikasema nywele za mbuzi.

Sasa unaona. Karatasi ya kampuni inasema iliyochomwa haibadilishwi, na yangu imechomwa kwa ustadi. Tukikubali betri mpya, fundi atazikagua moja moja na mimi nitaonekana. Tukienda mahakamani, mambo yatakaa miaka, na mimi nitakuwa nimejificha katikati ya watu kumi kama fisi kwenye kundi la mbwa. Ngamia wanne wamekwenda, gari limekuwa banda la kuku, lakini angalau hakuna atakayejua ni kwa upumbavu wa nani.

Ndiyo haki niliyokuwa naipigia kelele alfajiri.

Jana Jumatano tulikutana Kakuma, kwenye hoteli ya Hirsi, tupige kura. Nilikwenda kwa lori lake lililobeba sukari, nimekaa juu ya magunia na kigoda changu mkononi. Kigoda hiki tunakiita ekicholong, kidogo, cha mti mgumu. Mchana ni kiti, ukilala ni mto, na mwanaume hatoki bila hicho. Watu walikuwa wamekataa kupiga kura kabla ya kuona ukaguzi kwa macho yao, kwa hiyo Chebet alizipanga betri zote juu ya turubai, zimelala kifudifudi. Akawa anafungua kifuniko, anasoma namba ya ndani kwa simu yake, anaigeuza, anatazama, anataja jina.

Nilikaa nyuma. Nilijifanya nasikiliza redio ya mtu.

"Mzee Lokwang," Chebet akaita. "Yako iko safi. Haina hata mkwaruzo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikainuka nikatazama. Betri nyeusi, laini, haina alama. Namba ni yangu, ile ile iliyo kwenye karatasi yangu ya kununulia. Nikasema Akuj, Mungu wetu wa juu, amefanya muujiza, amelifuta kovu ili asiniaibishe mbele ya Wasomali. Nikaketi. Nikaagiza chai ya maziwa ya ngamia.

Chai ikafika pamoja na betri ya saba.

"Hii hapa ina alama ya moto ubavuni," Chebet akasema. Akaangalia simu mara mbili. "Ni ya Mama Furaha wa Kalobeyei. Pole mama, kwa masharti hii haibadilishwi."

Ilikuwa chapa ya baba yangu. Ilikuwa inanitazama.

Mama Furaha alisimama na mikono kichwani. "Yangu? Mi sikuchomaka kitu! Mi niko na moto ya kupika tu! Mutazame muzuri, dada, mi namuogopaka hata kiberiti!"

Ekiru, mwenye gari mwenzangu wa Lodwar, naye Mturkana, aliitazama ile alama. Kisha akanitazama. Kisha akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kweli nilibadilishiwa betri kule kituoni, lakini hakuna aliyeiba. Walikosea tu, wakanipa ya Mama Furaha na yeye wakampa yangu. Na mimi, kwa kuogopa mwizi, nilikwenda nyumbani nikawasha moto nikapiga chapa mali ya mtu mwingine. Kwa sheria zetu za zamani, mtu anayefanya hivyo ndiye mwizi.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama hapo hapo. Ningependa sana.

Nilikaa. Nilikunywa kile kikombe chote cha chai, ya moto, mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilikuwa nafikiri hivi: yangu imekubaliwa. Namba inasema yangu ni safi, na namba ni ya kampuni, si mimi niliyeiandika. Msichana wa Nairobi hajui kusoma kikohozi cha Ekiru. Nikinyamaza, kesho kuku wanahama na mimi nabeba maji.

Mama Furaha alikuwa ameketi tena.  Alikuwa anakunja na kukunjua kona ya kitenge chake, anahesabu kitu kwa midomo bila sauti. Nadhani yalikuwa magunia.

Nikasimama. Kwa haraka mpaka kigoda kikaanguka.

"Hiyo betri ni yangu," nikasema.

Chebet akatabasamu kama unavyotabasamia babu. "Hapana mzee. Yako tayari imepita. Hii namba yake..."

"Namba ni ya kampuni, binti. Chapa ni ya baba yangu."

Hapo ndipo waliponyamaza. Hayo ndiyo maneno matatu niliyojisifia kule juu. Najua si matatu. Sikufika darasa la hesabu kubwa.

Nikawaeleza yote: lagga, moto, chuma. Nikasema kwetu ngamia mwenye chapa yangu ni wangu. Akiwa mnono ni wangu, akiwa na upele ni wangu pia, siwezi kumkana siku ya upele. Kwa hiyo, ile iliyoungua nichukue mimi, na ile safi mwandikieni huyu mama. Na kwa sababu nilikuwa nimekwisha vua nguo, nikavua na ya ndani: nikasema kelele zangu zote za mahakama zilikuwa za kuficha kovu hili, na kwamba nilimwambia Mama Furaha maneno ya bei ya unga nikijua mwenye bei ni mimi.

Hirsi alishika ndevu zake nyekundu za hina. "Wallahi mzee! Kila siku unaniamsha kabla ya swala, haki, haki, haki! Nikasema huyu mzee ana moto. Kumbe moto aliuacha kwenye betri!"

Hoteli nzima ikacheka. Na yule Hirsi, bila aibu, akaokota kigoda changu kilichoanguka na kukikalia. Mtu hakalii ekicholong ya mwenzake. Anajua. Alinitazama usoni huku anakikalia.

Mama Furaha hakucheka kwanza. Alinijia mpaka tukawa pua kwa pua. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia.

"Papa Lokwang," akasema polepole, "ule mwaka wote betri yangu ilikuwaka na nguvu sana. Ya wengine inakufa, yangu inaenda. Mi nilitoaka ushuhuda ku kanisa! Mbele ya pasta! Nilisema ni maombi!"

"Maombi yalisaidia," nikamwambia. "Yalinifikia mimi kwanza, yakanilaza kwenye lagga."

Ndipo alipocheka, akanipiga ngumi begani. Bega bado linauma, na ninalipenda hivyo.

Chebet hakuwa anacheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye turubai na bisibisi. Alifungua skrubu sita, akalivua lile ganda lililoungua, akaliinua juu. Chini yake kuna bati, na bati halikuwa na doa.

"Mzee, tulia," akasema. "Hii ni kava tu imechomeka. Moto haukuingia ndani."

Akampigia bosi wake Nairobi. Sisi tulisikia upande wake tu. "Ndiyo, bosi... Hapana, hakutaka kuifungua... Ni alama, bosi. Ni kama namba ya gari, lakini ya ngamia... Ndiyo, ngamia." Akaihamishia simu sikio la pili. Hirsi, kutoka juu ya kigoda changu, akasema ili wote wasikie: "Huyu mzee akikubaliwa, mimi kigoda chake nakibeba kichwani mpaka Lodwar!"

Bosi akakubali.

Nikaketi chini kwenye simenti, maana kigoda kilikuwa na mtu. Nilitia sahihi mbili, ya wote na ya kwangu peke yangu, kwamba sitakaribia betri yao na chuma cha moto maisha yangu yote. Nikauliza kama rangi inaruhusiwa. Chebet akasema nisimjaribu.

Kura? Saba walisaini wakapewa betri, mimi na Mama Furaha tukiwemo. Hirsi na watatu wengine walikataa, wanaendelea na wakili wao, na mimi siwacheki. Hirsi ana malori ya dizeli, anaweza kuingoja haki ikija kwa miguu. Mama Furaha hawezi. Wote wawili wana haki, ila mmoja ana muda. Nilimwambia Hirsi, siku ya kesi niite, nitasimama nieleze jinsi magari yalivyolala miezi miwili, ingawa mimi sitapata kitu. Safari hii nitaisema haki mchana, nimekwisha kunywa chai.

Nilirudi kwa lori la kampuni pamoja na betri yangu mpya. Leo asubuhi fundi ameifunga. Kuku walihamishwa kwa nguvu na mmoja amenidonoa.

Nilipomweleza Akai, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafuta macho akasema, "Nywele za mbuzi hazinuki plastiki, baba Ekai. Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nangoja useme." Mwaka mzima alikuwa akingoja! Mwanamke huyu angekuwa wakili, kampuni ingekuwa imefungwa.

Kisha akapanda gari, akakaa mbele, akasema tumpelekee dada yake maji Nawoitorong. Tangu ninunue gari hili hajawahi kupanda.  Niliendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai, na kwa kweli yalikuwepo mawili chini ya kiti, tuliyapata tulipofika.

Ninajiuliza tu: kama Chebet asingelivua lile ganda, ningekuwa naandika nini sasa? Nadhani ningekuwa bila betri na moyo ukawa mwepesi vilevile. Nadhani. Usiniulize tena kesho.

Limebaki jambo moja dogo. Hirsi, najua unasoma, maana huwa unatuma vile vikaragosi vya kucheka. Uliapa mbele ya watu na mimi nimekubaliwa. Sikuambii utembee na kigoda kichwani mpaka Lodwar, wewe ni mtu wa heshima na barabara ina jua. Kiweke tu kwenye lori la sukari, karibu na dereva, nami nitakipokea. Jana nimelalia kiatu, shingo imegeuka upande, nasalimia watu nikiwatazama jirani zao.

Na usiseme umekisahau kipi ni changu kati ya viti vya hoteli yako. Kigeuze, tazama chini.

Kina chapa.